Vihisi vya kwenye hanesi vinahesabu matumizi karibu mara mbili ya daftari: kosa liko wapi?

#1 Mlinzi wa Stoo

Wakuu salaam. Swali hili ni kwa wanaopanda, wanaokagua vifaa na mafundi wa elektroniki.

Ukumbi wa kupanda ukuta una hanesi 24 za kuazimisha, yaani mikanda anayovaa mpandaji kiunoni na mapajani. Kila moja imefungwa kihisi kidogo kwenye kitanzi cha pembeni cha kuning'inizia vifaa, si kile cha mbele kinachobeba mtu. Ndani ya kihisi kuna akselerometa ya mihimili mitatu (inayohisi mtikisiko), barometa (inayopima shinikizo la hewa ili kujua kimo), chipu ya Bluetooth na betri ya CR2032. Kanuni yake ni hii: hanesi ikitikisika sekunde 20 mfululizo, kihisi kinaamka. Kikiona kimo kimebadilika mita 3 au zaidi, kinafungua tumizi moja. Zikipita dakika 10 bila mtikisiko, kinalifunga. Pembeni kuna daftari la kawaida: hanesi ikitoka dirishani, namba yake inaandikwa.

Baada ya miezi mitatu vihisi vimelipita daftari mbali. Kwenye hanesi nyingine kihisi kimezidi kwa theluthi tu, nyingine kimezidi mara mbili na nusu. Hakuna hata moja ambayo kihisi kimehesabu pungufu. Hanesi zote ni za aina moja, saizi tofauti, vihisi ni toleo moja na fimwea (programu ya ndani ya kihisi) ni moja.

Uongozi unataka hesabu hii ndiyo iamue hanesi ipi istaafu. Nani anakosea, kihisi au daftari? Na hesabu yenyewe ina uzito gani kwenye usalama?

#2 Kamba Kavu

Daftari. Linaandika hanesi inapotoka, haliandiki inapobadilisha mtu. Kundi la watu sita likichukua hanesi nne, watapokezana mpaka jioni. Daftari limeona mara moja, kihisi kimeona kila aliyevaa. Hapo kihisi kiko sahihi, maana utepe wa hanesi unachakaa kwa kila anayevaa na kuning'inia, si kwa kila sahihi ya dirishani.

Ongeza walimu wanaochukua hanesi moja kwa moja kutoka kwenye ndoano kumvalisha mtoto aliyechelewa. Hizo haziandikwi kabisa.

#3 Hewa Nyepesi

Kabla hamjalihukumu daftari, angalieni barometa. Karibu na usawa wa bahari shinikizo la hewa hupungua kama paskali 12 kwa kila mita unayopanda. Mita 3 za kizingiti chenu ni paskali 36 tu. Upepo wa mita 10 kwa sekunde ukigonga uso wa jengo unasukuma kwa paskali 60 hivi, na mlango mkubwa ukifunguliwa upande huo, sehemu ya shinikizo hilo inaingia ndani papo hapo. Feni kubwa za kuvuta vumbi la chaki nazo zikiwashwa, shinikizo la ukumbi mzima linashuka. Kihisi hakina namna ya kujua kama mtu amepanda au mlango umefunguliwa.

Mabadiliko ya hali ya hewa hayanisumbui. Yanakwenda taratibu, kwa saa, na programu yoyote ya maana inayachuja. Kinachodanganya ni mruko wa sekunde mbili tatu.

Mtasema kuna sharti la kutikisika kwanza. Sawa, lakini hanesi zikiwa kwenye bomba moja, mtu anayetafuta saizi yake anazitikisa zote, na kutafuta saizi kunazidi sekunde 20 bila shida.

#4 Solda Moto

Kuna jambo la tatu ambalo hamjaligusa: betri. CR2032 mpya ina upinzani wa ndani wa omu 10 hadi 20. Ikichoka, au ikipata baridi, unapanda hadi makumi ya omu, hata kupita 100. Redio ya Bluetooth inapotuma huvuta miliampia 5 hadi 15 kwa milisekunde chache. Piga hesabu: miliampia 15 kwa omu 100 ni volti 1.5 zinazopotea ndani ya betri. Kutoka volti 3 unabaki na 1.5, na chipu nyingi za aina hii zinahitaji angalau 1.7 au 1.8. Chipu inazimika na kuwaka upya.

Sasa, kama hali ya "tumizi limefunguliwa" inakaa kwenye kumbukumbu ya muda, kuwaka upya kunaifuta. Mpandaji bado yuko ukutani, kihisi kinajiona kimeamka leo, kinafungua tumizi jipya. Mtu mmoja, kupanda mara moja, hesabu mbili. Betri mbovu zaidi inatoa hesabu kubwa zaidi, na hiyo inaeleza kwa nini hanesi zinatofautiana hivyo.

Kupima ni rahisi. Chipu nyingi zina rejista, yaani sehemu ndogo ya kumbukumbu, inayoandika sababu ya kuwaka upya mara ya mwisho. Omba fimwea iisome na kuitunza pamoja na idadi ya kuwaka. Kihisi kilichowaka mara moja tu tangu betri iwekwe hakina ugonjwa huu.

#5 Dada Fundo

Kamba Kavu yuko karibu na ukweli ila amepita pembeni. Tazameni zile dakika 10. Wawili wakishirikiana, mmoja anapanda na mwingine anashika kamba chini. Mshika kamba amesimama, shingo juu, anatoa kamba kidogo kidogo. Hanesi yake haitikisiki kiasi cha kuiamsha akselerometa. Mwenzake akikaa dakika 12 kwenye njia ngumu, kihisi cha mshika kamba kinaandika kwamba mambo yamekwisha. Zamu yake ikifika kinafungua tumizi jipya. Kwa saa mbili za kupokezana, mtu huyo mmoja anahesabiwa mara nne au tano.

Watoto ni kinyume chake. Hawatulii hata dakika moja, kwa hiyo alasiri nzima inaingia kama tumizi moja. Mlinzi wa Stoo, hebu tazama kama tofauti inafuata saizi ya hanesi.

#6 Mkaguzi II

Nauliza kabla hatujaendelea: vihisi vimefungwa kwa nini? Nimeona watu wanashona mfuko juu ya utepe. Sindano ikipita kwenye utepe unaobeba uzito inakata nyuzi, na hanesi hiyo haiko tena kwenye hali iliyopimwa na mtengenezaji. Gundi vilevile: huwezi kujua kiyeyusho chake kinafanya nini kwenye nailoni. Watengenezaji wengi wanakataza hata kuandika kwa kalamu ya wino kwenye utepe unaobeba uzito, achilia mbali kushona.

#7 Mlinzi wa Stoo

Asanteni. Nianze na Mkaguzi II: ni mkanda wa mpira wenye kifungo cha plastiki, unazunguka kitanzi cha vifaa tu. Hakuna kilichoshonwa wala kugundishwa.

Dada Fundo, nimepanga upya kwa saizi. Ndiyo, saizi kubwa zimezidi sana, ndogo zimezidi kidogo. Lakini saizi kubwa ndizo zinazotundikwa upande wa mlango wa kupakulia mizigo, na ndogo ziko ndani kwenye kona. Kwa hiyo maelezo yako na ya Hewa Nyepesi yanatoa picha ileile, na siwezi kuyatenganisha kwa namba nilizo nazo.

Jambo jingine: chumba cha kufulia na kukaushia kiko ghorofa ya juu.

#8 Hewa Nyepesi

Ghorofa ya juu! Hapo umejijibu nusu. Ghorofa moja ni mita 3 na ushee. Ukibeba hanesi begani kupanda ngazi inatikisika zaidi ya sekunde 20 na kimo kinabadilika kupita kizingiti. Kwa kihisi huko ni kupanda ukuta. Kukaa juu inakauka ni zaidi ya dakika 10, tumizi linafungwa. Kuishusha kunafungua la pili. Kila kufua kunaingiza matumizi mawili ambayo hakuna aliyening'inia.

Dawa yake ipo kwenye kasi ya kimo. Ngazi hupandwa kwa mwendo usiobadilika sana na kila hatua inatoa mdundo wa akselerometa karibu mara mbili kwa sekunde. Ukutani mtu husogea, husimama, husogea tena, kisha hushushwa kwa kamba mfululizo bila mdundo wa hatua. Kushushwa huko ndiyo alama nzuri kuliko zote: kimo kinashuka mita 8 au 12 bila nyayo. Ningehesabu kushushwa, nisihesabu kupanda.

#9 Kamba Kavu

Na wanaotembea chini baada ya kupanda miamba ya nje je? Na anayeshuka mwenyewe kwa mikono? Hesabu yako itawakosa.

#10 Hewa Nyepesi

Itawakosa. Mada ni ukumbi, na ukumbini karibu kila anayefika juu anashushwa.

#11 Tundu la Sindano

Kuna upande mmoja hamjautazama. Barometa inapumua kupitia tundu dogo, mara nyingi lenye utando unaozuia maji na kupitisha hewa. Chaki ya wapandaji ni magnesiamu kaboneti, unga laini mno, na ikichanganyika na jasho inakuwa tope linalokauka juu ya utando huo. Tundu likiziba nusu, shinikizo la ndani linafuata la nje kwa kuchelewa. Likiziba kabisa, kihisi kinapima hewa iliyofungiwa ndani, ambayo inabadilika kwa joto tu.

Kihisi kilichoziba kitahesabu pungufu. Sasa Mlinzi anasema hakuna hata kimoja kilichohesabu pungufu baada ya miezi mitatu kwenye ukumbi wenye chaki. Hilo linanifanya niulize kama kuna vilivyoziba ambavyo vingekuwa pungufu, ila vimefidiwa na hesabu za uongo. Ukisafisha matundu, pengo linaweza kukua. Usafi wake: brashi laini kavu, kisha kitambaa chenye unyevu wa maji tu. Usipulize kwa kompresa, unapasua utando.

#12 Solda Moto

Nyongeza kwa Tundu la Sindano kuhusu joto. Hata barometa isiyoziba inasogea na joto. Za bei ya kati husogea chini kidogo ya paskali 1 kwa kila nyuzi 1. Hanesi ikitoka kwenye ndoano yenye nyuzi 18 na kukaa kiunoni mwa mtu hadi kihisi kifike 33, ni paskali 11 hivi, yaani karibu mita moja. Peke yake haifiki kizingiti. Ikikutana na mlango wa Hewa Nyepesi inafika.

Kuhusu betri, nimeulizwa pembeni kama CR2032 ina miliampia-saa 1000. Haina. Ina kama 220. Yenye 1000 hivi ni CR2477, nene zaidi ya mara mbili. Na 220 zinatosha ukiwa makini: matumizi ya wastani yakiwa maikroampia 10, unapata saa 22,000, miaka miwili na nusu. Akselerometa za leo zinaweza kulala na jicho moja wazi kwa chini ya maikroampia 1. Kinachokula betri ni redio inayojitangaza kila sekunde mchana na usiku wakati hakuna anayesikiliza. Iwekwe ijitangaze baada ya tumizi kufungwa tu, au kila dakika.

Kwa kuzimika: weka kapasita ya maikrofaradi 100 sambamba na betri. Miliampia 10 kwa milisekunde 3 zinaishusha volti 0.3 tu, na chipu haitahisi kitu. Chagua isiyovuja, kwa sababu ikivuja maikroampia 5 umepoteza theluthi nzima ya maisha ya betri. Na hesabu yenyewe iandikwe kwenye kumbukumbu ya kudumu kila inapobadilika. Kurasa za flashi, yaani kumbukumbu hiyo ya kudumu, huvumilia kufutwa kama mara 10,000, kwa hiyo usifute ukurasa kwa kila tumizi. Jaza ukurasa mzima kwanza, ndipo ufute.

#13 Mzee wa Miamba

Vijana mnapima vizuri, lakini swali la pili la mwenye mada limeachwa barabarani: hesabu ina uzito gani kwenye usalama?

Pit Schubert, aliyeongoza utafiti wa usalama wa chama cha wapanda milima cha Ujerumani, DAV, tangu 1968, alifuatilia kwa miaka mingi kamba zilizokatika. Alichoonyesha ni kwamba kamba ya kisasa hukatikia kwenye ukingo mkali wa mwamba, au palipoguswa na asidi. Haikatiki kwa sababu imefikisha idadi fulani ya siku. Hanesi na tepe ni nyuzi za jamii hiyohiyo. Tumizi moja lenye msuguano mbaya linaharibu kuliko mia za kawaida, na kihisi kinaandika yote mawili kama moja.

Hanesi inakufa wapi? Kwenye vitanzi viwili vya kufungia kamba, sehemu ya chini hasa, ambako fundo linasugua kila mara mtu anaposhushwa. Angalia nyuzi zilizofumuka, mahali paliponyauka na kuwa pagumu kama pameungua, rangi iliyopauka kwa jua, mshono uliokatika. Watengenezaji wengine hufuma ndani utepe wa rangi tofauti: ukionekana, hanesi imekwisha, hata iwe ya mwezi jana. Hakuna kihisi kinachoona hayo.

#14 Kamba Kavu

Mzee shikamoo. Nakubali kwa hanesi, lakini kwenye kamba hesabu inajulikana. Kiwango kinasema kamba ivumilie mianguko 5 ya kigezo 2. Kihisi kinachohesabu mianguko kingetwambia lini imebaki mmoja.

#15 Mkaguzi II

Hapana, hapo nisahihishe mambo mawili. Kiwango cha Ulaya EN 892 kinapima kamba inayotumika peke yake kwa uzito wa kilo 80, na kigezo cha mwanguko, yaani urefu wa mwanguko ukigawiwa kwa urefu wa kamba iliyotoka, ni 1.77 hivi, si 2. Nguvu kwenye mwanguko wa kwanza isizidi kilonyutoni 12, na kamba ivumilie angalau mianguko 5 inayofuatana kila baada ya dakika 5, ikipita kwenye ukingo wenye nusu kipenyo cha milimita 5, mahali palepale kila mara.

La pili ndilo kubwa: hiyo 5 si akaunti ya benki. Ukumbini mtu akianguka mita 2 akiwa na mita 12 za kamba nje, kigezo chake ni 0.17. Kamba inapata nafasi ya kupumzika na sehemu inayobeba inabadilika. Mianguko ya namna hiyo inavumiliwa mingi mno. Kihisi kinachotoa namba tupu ya mianguko, bila urefu wa kamba iliyotoka, kinampa msimamizi hofu au imani isiyo na msingi.

#16 Karabina Butu

Basi kihisi kihesabu mianguko na nguvu yake. Si akselerometa iko kiunoni?

#17 Solda Moto

Inawezekana, na hesabu yake ni nzuri. Mtu akiwa hewani akselerometa inasoma karibu na g sifuri (g 1 ni mvuto wa kawaida wa dunia). Mwanguko wa mita 1 unachukua sekunde 0.45, wa mita 2 sekunde 0.64. Weka sharti la sekunde 0.3 za karibu sifuri na umeshachuja kila kitu kilicho chini ya sentimita 44.

Matatizo mawili. Hanesi ikiponyoka kwenye ndoano ya mita 1.5 nayo inakaa hewani sekunde 0.55. Tofauti iko mwishoni: sakafu inagonga kwa milisekunde chache na kuijaza akselerometa ya g 16 mpaka juu, ilhali kamba inavuta kwa milisekunde 100 hadi 300 na kilele cha chini zaidi. Ukipima mara 25 kwa sekunde, kila kipimo kiko milisekunde 40 kutoka kwa kingine na mgongano huo wa sakafu utaupita bila kuuona. Pima mara 100 angalau.

La pili: kihisi kimefungwa kwenye kitanzi cha pembeni kinachobembea. Kilonyutoni 6 kwa mtu wa kilo 80 ni g 7.6 kwenye mwili wake, lakini kihisi kinachorushwa huku na huku kitasoma chochote kati ya 5 na 14. Kwa kuhesabu kinafaa. Kwa kupima nguvu hakifai, na kuna watu wanauza ripoti za nguvu kutoka kwenye vifaa vya namna hii.

#18 Karabina Butu

Asante. Nimeelewa kwa nini wengine wanaweka geji ya mnyumbuko (kipima mkazo) kwenye karabina yenyewe, ile pete ya metali yenye mlango inayopitisha kamba.

#19 Mkaguzi II

Karabina ya geji ni chombo cha maabara na mafunzo, iwe imetengenezwa hivyo tangu kiwandani. Usikwangue rangi ya karabina ya kawaida na kubandika geji halafu uirudishe kazini. Kwa karabina za ukumbini kipimo cha maana ni kina cha mfereji unaochimbwa na kamba. Kikifika milimita 1, iondoe, na kabla ya hapo pitisha kidole: kama kuna kingo kali, itoe leo, maana kingo hizo hukata ganda la kamba. Zinazochakaa haraka ni ya kwanza kutoka chini na ya juu kabisa. Hapo kuhesabu kunasaidia kweli: unajua ni njia ipi inapandwa zaidi, na unaanza nayo ukaguzi.

#20 Dada Fundo

Na kwenye kamba, mtu akitaka kuweka chipu ya NFC (ya utambulisho, inayosomwa kwa kusogeza simu), inakaa mwishoni, chini ya mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto. Joto hilo liwe la kiasi, nailoni 6 huyeyuka kwenye nyuzi 220 lakini inaumia mapema zaidi. Kisha kuna jambo watu wanalisahau: mita 2 au 3 za mwisho ndizo zinazochoka kwanza kwa mafundo na mianguko, na ukumbi huzikata. Ukikata, chipu inaondoka na kipande. Mwingine anachukua chipu ileile na kuihamishia kwenye kamba iliyobaki, rejista ya vifaa bado inasema mita 40 wakati kamba ni 37, na alama ya katikati haiko katikati tena. Kamba fupi kuliko rejista inamwangusha mtu wakati wa kushushwa, mwisho wa kamba unapopita kwenye mkono wa mshika kamba. Fundo la mwisho lifungwe daima, na rejista ibadilishwe siku hiyohiyo.

#21 Tundu la Sindano

Kuhama kwa chipu kunanikumbusha: Mlinzi, wakati wa kufua vihisi vinatolewa?

#22 Mlinzi wa Stoo

Vinatolewa. Hanesi zinafuliwa kwa maji ya nyuzi 30 na sabuni isiyo kali, zinakaushwa kivulini. Vihisi vinawekwa kwenye sahani na kurudishwa baadaye. Namba ya kihisi iko kwenye kibandiko, namba ya hanesi iko kwenye lebo yake.

#23 Tundu la Sindano

Basi kuna uwezekano vimebadilishana. Kihisi cha hanesi inayotumika sana kikienda kwenye isiyotumika, utapata tofauti ya ajabu kati ya hanesi na hanesi, ingawa jumla ya zote haitabadilika. Jumla yako imezidi, kwa hiyo hili halielezi kila kitu. Linaweza kueleza zile za mara mbili na nusu. Na kama ni hivyo, Hewa Nyepesi wala hana ngazi: vihisi havikupanda kwenye hanesi, vilipanda kwenye sahani.

#24 Hewa Nyepesi

Sahani nayo inatikisika ikibebwa. Ngazi yangu iko palepale.

#25 Kamba Kavu

Swali la pembeni: betri ikivuja asidi si ndiyo ile ile aliyoitaja Mzee?

#26 Solda Moto

Si ileile. Asidi inayoharibu kamba ni ya salfa, iliyo kwenye betri za risasi za magari, na hata mvuke wake kwenye buti ya gari unatosha kuharibu nailoni bila alama ya kuonekana. CR2032 ni ya lithiamu na manganizi dioksaidi, ndani ina kiyeyusho cha kikaboni na chumvi ya lithiamu. Haina asidi ya salfa. Hata hivyo kihisi kilichovimba au chenye unyevu wa ajabu kitolewe, na utepe ulioguswa uhesabiwe kama ulioguswa na kemikali usiyoijua, yaani hanesi inaondoka.

#27 Mkaguzi II

Narudi kwenye uongozi unaotaka namba. Kwa vifaa vya kazi za juu, kiwango cha Ulaya EN 365 kinataka ukaguzi wa mtu mwenye ujuzi angalau kila miezi 12. Uingereza, chini ya kanuni za LOLER za 1998, vifaa vya kuinulia watu vinakaguliwa kila miezi 6. Kwa vifaa vya michezo unafuata maelekezo ya mtengenezaji, na wengi wanaweka kikomo cha miaka 10 kwa nyuzi hata kama hazijatumika. Hakuna niliposoma pakisema "matumizi 500 basi". Namba ya kihisi itumike kusogeza ukaguzi mbele: hanesi iliyovaliwa mara nyingi isisubiri miezi 12, ikaguliwe kila mwezi au kila wiki. Isitumike kurudisha ukaguzi nyuma. Hanesi yenye hesabu ndogo haina cheti cha kuruka zamu.

#28 Mzee wa Miamba

Marahaba, Kamba Kavu. Na hapo kwa Mkaguzi II naweka sahihi yangu.

#29 Kamba Kavu

Lakini bado nashikilia daftari limepungua. Mmeleta mlango, ngazi, betri na sahani, hakuna aliyekaa dirishani kuhesabu.

#30 Mlinzi wa Stoo

Nimepanga jaribio la wiki mbili. Hanesi nne za akiba zisizoazimishwa: mbili kwenye ndoano za mlango wa kupakulia, mbili kwenye kabati lililofungwa mbali na mlango. Hakuna atakayezivaa, kwa hiyo kila hesabu itakayotokea ni ya uongo. Mtu mmoja atakaa dirishani siku mbili za wikiendi akiandika kila anayevaa, hata wanaopokezana. Kufua kutasimama wiki ya kwanza na kurudi ya pili, na kila kihisi kitapigwa picha pamoja na lebo ya hanesi kabla ya kutolewa. Mtengenezaji nimemwomba rejista ya kuwaka upya, bado hajajibu.

#31 Dada Fundo

Omba pia muda wa kufungua na kufunga kila tumizi, si jumla tu. Nyakati zikiwepo, mapumziko ya dakika 11 hadi 15 kati ya tumizi na tumizi yataonekana wazi, na unaweza kuhesabu upya kwa kikomo cha dakika 20 au 30 bila kugusa fimwea. Ila ukifika 30 utaanza kuunganisha wateja wawili waliofuatana.

#32 Hewa Nyepesi

Zile za kabatini uzitikise kidogo mara kadhaa kwa siku, sekunde 20 na zaidi, la sivyo hazitaamka na utadhani kabati ndilo lililoziponya. Na kabati liwe na matundu. Lisilopitisha hewa litachelewesha ule mruko wa shinikizo, utapata sifuri nzuri sana ambayo haina maana.

#33 Mlinzi wa Stoo

Kabati ni la wavu wa chuma, hewa inapita. Kutikisa nitampa mtu wa zamu, saa nne na saa kumi, na nyakati ziandikwe.